Kiswahili cha Uhura hakikuwa pambo

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua nitoe dukuduku langu kuhusu makala mliyoitoa kuelekea Siku ya Kiswahili Duniani, ile iliyohesabu mahali ambapo lugha yetu imesikika katika filamu na tamthilia za ng'ambo. Mwandishi wenu alipofika kwenye tamthilia ya Marekani ya Star Trek aliimaliza kwa aya moja. Alisema kulikuwa na dada mweusi aitwaye Uhura, kwamba jina lake ni la kwetu lililobadilishwa herufi ya mwisho, kwamba katika sehemu moja ya mwaka 1966 alizungumza Kiswahili kidogo na mwanamume fulani, na kwamba yote hayo yalikuwa pambo tu. Akahamia kwenye katuni ya simba, akakaa huko nusu ukurasa.

Mimi si mwalimu wa lugha wala msomi wa fasihi. Kazi yangu ni kuingiza sauti. Zile tamthilia za Kituruki na Kikorea mnazozitazama usiku zikizungumza Kiswahili, mmoja wa wanaozungumza humo ndani ni mimi. Kwa kuwa nina sauti nzito hupewa mama wakwe na mashangazi wenye roho mbaya, kwa hiyo inawezekana kabisa, Mhariri, umeshanitukana ukiwa kwenye kochi lako bila kunijua. Sina kinyongo. Ukitukanwa kwenye kazi hii ujue umeiweza.

Nataja kazi yangu kwa sababu inamlazimisha mtu kutazama kipande kidogo cha picha mara nyingi kuliko binadamu wa kawaida anavyoweza kuvumilia. Unatazama midomo inapofumba kwenye m na b na p. Unatazama pumzi inapoingia, maana ukianza kusema kabla mwigizaji hajavuta pumzi, mtazamaji hajui kuna nini lakini anahisi kuna kitu hakijakaa sawa. Mazungumzo yale ya Uhura na mwanamume fulani nimeyatazama kwa namna hiyo, kwa hedifoni, na ninachokiona humo si pambo. Ukikitoa Kiswahili pale, hadithi inapungukiwa.

Sehemu yenyewe inaitwa The Man Trap. Ndiyo iliyofungua tamthilia nzima kwenye kituo cha NBC, Alhamisi tarehe 8 Septemba 1966. Iliandikwa na George Clayton Johnson, ikaongozwa na Marc Daniels. Haikuwa ya kwanza kupigwa picha, nyingine zilishakamilika kabla yake, ila wakubwa wa kituo walitaka kuanza na yenye dubwana, na hii inalo.

Kwa ambao hawajaiona: chombo cha anga Enterprise kinafika kwenye sayari iitwayo M-113, ambako wanaishi mtafiti wa mambo ya kale, Profesa Robert Crater, na mkewe Nancy. Daktari wa chombo, McCoy, aliwahi kupendana na Nancy zamani. Lakini Nancy wa kweli alishakufa. Aliyemuua ndiye huyo anayeonekana, kiumbe wa mwisho wa jamii yake, anayeishi kwa kufyonza chumvi, hata ya mwilini mwa mtu, na anayeweza kuvaa sura ya yeyote ambaye moyo wa anayemtazama unamkumbuka au unamtamani. Mwanzoni watu watatu wanamtazama mwanamke mmoja na kila mmoja anaona wake. McCoy anamwona binti yuleyule aliyeachana naye miaka mingi nyuma. Nahodha Kirk anaona mama wa makamo mwenye mvi. Kijana Darnell anaona kimwana wa nywele za dhahabu aliyekutana naye kwenye sayari ya starehe, anapigwa na butwaa, na huyo ndiye anayetangulia kufa.

Msikilizaji wa Kiswahili hahitaji kufafanuliwa kiumbe huyu. Bibi zetu walitusimulia binti aliyekataa wachumba wote wa kijiji, kisha akaja kijana mtanashati asiye na kovu wala doa, akamkubali siku hiyohiyo, na safari ilipofika porini kijana akaanza kurudisha urembo aliouazima mpaka likabaki zimwi. Sidhani kama Johnson aliwahi kukaa kwenye jamvi la bibi yeyote wa pwani. Lakini nilipoiona sehemu hii mara ya kwanza nilijua tangu mapema kwamba yule mama si mtu.

Sasa nifike kwenye lile mwandishi wenu alilolipita. Mapema kabisa katika sehemu hiyo Uhura yuko kwenye chumba cha usukani, ameketi kwenye meza yake ya mawasiliano, amechoka. Anamwambia Spock, ofisa mwenzake asiye binadamu kamili, kwamba akilisikia neno masafa mara moja zaidi atalia. Anamtania amsifie urembo wake, amweleze sayari yake ya Vulcan inavyokuwa jioni tulivu mwezi ukiwa mpevu. Spock anamjibu kwamba Vulcan haina mwezi. Uhura anasema hashangai. Watu hucheka hapo, na mimi nilicheka, lakini tazama Nichelle Nichols, mwigizaji wa Uhura, anavyolisema lile jibu la mwisho, anavyogeuza uso. Mwanamke huyu yuko mbali na kwao, kazini kutwa, na hakuna hata mmoja wa kupiga naye soga. Kila mtu anamwita kwa cheo.

Weka hilo akilini, kisha nenda mbele. Kiumbe ameshaingia ndani ya chombo akiwa na sura ya baharia aitwaye Green. Anamfuata Janice Rand aliyebeba sinia la chakula lenye chumvi, anaponyokwa. Yuko kwenye ujia, ana njaa, na anayetokea mbele yake ni Uhura. Sura inabadilika. Anakuwa kijana mweusi, mrefu, mwenye sare ya chombo, uso wa upole. Uhura anashangaa, anamuuliza kama wanafahamiana. Kijana anamjibu kwamba kwa namna fulani ndiyo, kwa sababu sasa hivi Uhura alikuwa akimfikiria mtu kama yeye, na kwamba Uhura anaonekana mpweke. Uhura si mjinga, anamrudishia kwa dhihaka kidogo. Hapo ndipo yule kijana anapoingiza Kiswahili.

Na hapo Uhura anaregea. Mabega yanashuka. Anamjibu kwa lugha hiyohiyo. Kijana anasogea, mkono unapanda taratibu kuelekea usoni kwake, Uhura ameegemea ukuta hawezi kupepesa jicho. Kinachomwokoa ni kuitwa chumba cha usukani, na mlango wa lifti kufunguka wenzake wakatokea. Angekosa hilo, tungemkuta sakafuni na zile alama nyekundu usoni kama wenzake waliotangulia, na Star Trek ingempoteza Uhura siku ya kwanza ya kuonyeshwa.

Sasa niambie, Mhariri, pambo liko wapi? Kwa McCoy kiumbe alitumia mapenzi ya ujana. Kwa Darnell alitumia tamaa. Kwa Uhura sura nzuri peke yake haikutosha, maana alishaanza kumwekea mashaka. Ilibidi atupiwe lugha ya nyumbani ndipo akanase. Mwandishi wa mchezo aliketi Marekani mwaka 1966, Kenya ikiwa haijatimiza miaka mitatu ya uhuru, akajiuliza ni kitu gani kitamwangusha mwanamke wa Kiafrika aliye mbali na kwao kuliko mtu yeyote, akajibu: mtu atakayemsemesha kwao. Kila aliyewahi kuishi Guangzhou au Minneapolis akasikia nyuma yake kwenye foleni mtu anasema mambo vipi, anajua jibu hilo ni sahihi. Unageuka kabla hujafikiri. Matapeli wanaotuvizia ugenini nao wanalijua hilo, lakini huo ni mjadala mwingine.

Mwanamume fulani mnayemwandika bila jina anaitwa Vince Howard. Nimekasirika zaidi kwa hili kuliko lile la pambo. Mhusika wake hakupewa jina katika hadithi, ni baharia tu, na ana kipande kifupi mno. Lakini majina yalipopanda mwishoni mwa sehemu ile, lake lilikuwemo. Ninyi, zaidi ya nusu karne baadaye, mkiandika makala ya kusifu Kiswahili, mmeshindwa kumtaja mtu ambaye Kiswahili hicho kilitoka kinywani mwake.

Howard hakuwa mtu wa kuokotwa getini. Miaka miwili kabla ya hapo watazamaji wa NBC walimzoea kama mwalimu Pete Butler katika tamthilia ya Mr. Novak, iliyohusu maisha ya shule ya sekondari, ikaonyeshwa kati ya 1963 na 1965. Baadaye, miaka ya 1970, alikuwa askari polisi katika tamthilia ya waokoaji iitwayo Emergency!, na humo mhusika wake alibeba jina lake mwenyewe, Vince. Sasa sikiliza hili linalonifurahisha kila nikilikumbuka: Jeanne Bal, anayeigiza Nancy Crater, naye alitoka Mr. Novak. Alikuwa makamu wa mkuu wa shule, Jean Pagano. Kwa hiyo walimu wawili wa shule moja ya kubuni walikutana tena katika The Man Trap na safari hii walikuwa kiumbe mmoja, ingawa hawaonekani pamoja hata sekunde moja. Sijui kama waliomwita Howard walilitafakari hilo ama ilitokea tu.

Kiumbe huyo, kwa hesabu yangu, ameigizwa na watu sita. Jeanne Bal ndiye anayebeba mzigo mkubwa, na ile sauti yake ya kuomba chumvi inaniumiza mpaka leo, maana anaiomba kama mgonjwa anavyoomba dawa. Francine Pyne ni yule kimwana anayeonekana na Darnell. Bruce Watson ni Green, ambaye baada ya kufa anatembea kimya, macho yakikifuata kichupa cha chumvi. Kuna Howard. Kuna DeForest Kelley, kwa kuwa kiumbe anafikia hata kuvaa sura ya McCoy na kukaa kwenye kikao cha maofisa. Na mwisho kabisa, sura zote zinapoanguka, kuna Sandra Gimpel ndani ya vazi la manyoya na mdomo wa mviringo lililotengenezwa na fundi Wah Chang. Gimpel jina lake halikuandikwa. Aliyevaa ngozi huwa haandikwi. Hata sisi tunaoingiza sauti huwa hatuandikwi: kuna kazi niliyoifanya kwa miezi mingi ambayo majina yakipanda mwishoni unawaona wapishi wa Istanbul na madereva wa Istanbul, lakini waliosema kila neno ulilolisikia hawamo. Kituo sikitaji.

Ningepewa The Man Trap niiingizie sauti ya Kiswahili, hao sita ndio wangenikosesha usingizi. Ukimpa kila mmoja sauti yake, mtazamaji anasahau kwamba ni kiumbe mmoja. Ukiwapa wote sauti moja, umeshamwambia siri mapema. Pengine ningewapa sauti tofauti lakini mwendo mmoja wa pumzi, ile ya mtu mwenye kiu. Na pale kwa Uhura na Howard ningekwama kabisa, kwa sababu wote wangekuwa wanazungumza Kiswahili tangu mwanzo na mtego usingeonekana. Ingebidi mmoja abadili lafudhi: Uhura azungumze chombo kizima Kiswahili cha redioni, kilichonyooka, halafu yule kijana amwingie na Kimvita au Kiunguja cha mitaani, ndipo aregee.

Sitawasifu kupita kiasi. Kiswahili cha Nichols na Howard ni cha Kimarekani. Maneno yanabanana, mkazo unakwenda kokote unakotaka, na mtu wa Tanga kama mimi anahitaji kurudisha nyuma ili ashike. Inasikika wazi kwamba wamekariri kwa sikio bila kujua uzito wa kila neno uko wapi. Mwigizaji anayejua anachosema huwa analala kidogo kwenye neno lenye maana na kukimbia kwenye viungo. Wao wamekimbia kote. Lakini macho ya Nichols yanafanya kazi ambayo ulimi haukuweza. Tazama mkanda bila sauti utaelewa.

Hadithi ya jina lake nitaigusa tu, imeshaandikwa sana. Nichols mwenyewe alisimulia kwamba alikwenda kufanyiwa majaribio akiwa na riwaya mkononi yenye jina Uhuru, mtungaji wa tamthilia Gene Roddenberry akalipenda neno, likalainishwa kuwa Uhura. Hilo la Martin Luther King kumsihi asiache kazi baada ya msimu wa kwanza nalo alilisimulia mara nyingi. Kinachonigusa mimi ni alichofanya baadaye: mwaka 1977 alianza kuzunguka Marekani kwa niaba ya NASA akiwahimiza wanawake na watu weusi waombe kazi ya uanaanga, na katika kundi lililochukuliwa mwaka 1978 walikuwemo Sally Ride na Guion Bluford. Alifariki tarehe 30 Julai 2022 akiwa na miaka 89. Magazeti mengi ya kwetu yaliandika kifo chake kwa mistari michache ya mashirika ya habari.

Kama mwandishi wenu bado anashikilia neno pambo, atazame na sehemu nyingine, The Changeling, iliyoonyeshwa tarehe 29 Septemba 1967. Humo kuna mtambo uitwao Nomad, uliorushwa kutoka duniani, ukagongana na mtambo wa wageni huko mbali, ukarudi na kichaa cha kuangamiza kila chenye kasoro. Mtambo unaingia chumba cha usukani, unamsikia Uhura akiimba, unataka kujua kuimba ni kitu gani. Hauelewi. Unamfyonza akili yote, anabaki kama mtoto asiyejua kusoma.

Baadaye tunamwona kwenye zahanati ya chombo na Nesi Chapel, anafundishwa upya kusoma Kiingereza kwa vitabu vya chekechea, mbwa na mpira. Anakwama kwenye neno la rangi ya buluu. Anakereka. Na anapokereka, kinachomtoka ni Kiswahili. Wapo wanaohoji mantiki ya jambo hilo: kama kumbukumbu zote zimefutwa, Kiswahili kimebaki vipi? Swali zuri kwa wahandisi. Kwa mwigizaji halina shida. Mtu akijikwaa kidole cha mguu hatafuti lugha ya kazini. Mimi nimefanya kazi na Mkenya anayezungumza Kiswahili sanifu kuliko kamusi, siku moja akabanwa kidole na mlango wa studio, tukajua kwao ni Kisii.

Nichols anaigiza hapo na Majel Barrett, ambaye mbali na kuwa nesi ndiye pia aliyekuwa sauti ya kompyuta ya chombo, na akaendelea kuwa sauti hiyo kwa miongo kadhaa katika tamthilia zilizofuata. Na Nomad mwenyewe, kile kisanduku kinachoelea, uhai wake wote ni sauti ya Vic Perrin. Watazamaji wa wakati ule walishamjua kwa masikio kutoka tamthilia ya The Outer Limits, maana ndiye aliyekuwa akiwaambia kwamba televisheni zao haziharibiki, bali zimetekwa. Wiki iliyofuata baada ya The Changeling, tarehe 6 Oktoba, akatokea kwa sura yake katika sehemu ya Star Trek iitwayo Mirror, Mirror, akiwa kiongozi wa baraza la Wahalka. Wiki moja sauti bila uso, wiki inayofuata uso. Ningekuwa na nafasi ningeandika barua nzima juu yake. Msikilizeni Nomad anavyouliza maswali. Hapandishi sauti kamwe, na ndiyo maana anatisha. Mashangazi wangu wenye roho mbaya nimewajenga hapo.

Siku hizi Uhura anaigizwa na Celia Rose Gooding katika Strange New Worlds, tamthilia mpya ya Star Trek. Sehemu ya pili ya tamthilia hiyo, Children of the Comet, iliyotoka Mei 2022, ni yake. Ni mwanafunzi bado, amealikwa mezani kwa nahodha, anaulizwa habari zake, anasema ametoka Kenya, anajua lugha 37, na kwamba wazazi wake na kaka yake walikufa katika ajali. Baadaye anaimba kwa kuguna na kimondo kinamjibu. Huyo ni yuleyule aliyenyang'anywa akili kwa sababu ya kuimba mwaka 1967, na nina hakika waliomwandika upya walilikumbuka hilo. Mara hii kuimba kunawaokoa.

Lakini nina neno na watayarishaji hao. Katika tamthilia hiyohiyo kuna mhandisi asiyeona, Hemmer, na walimtafuta Bruce Horak amwigize, mwigizaji ambaye kweli uoni wake ni hafifu tangu utotoni. Inaonekana. Kichwa chake kinageukia sauti namna ambayo mwenye macho hawezi kuigiza bila kuchekesha. Basi kwa nini Kiswahili kisipewe heshima hiyo? Mwaka 1983 waliotengeneza filamu ya tatu ya Star Wars walimpata mwanafunzi wa Kikenya, Kipsang Rotich, wakampa rubani mwenye mashavu makubwa aitwaye Nien Nunb, naye akamsemesha kwa Kikuyu na Kikalenjin. Watu wa Nyeri wakaelewa mazungumzo ambayo ulimwengu mzima ulidhani ni kelele. Hiyo ni zaidi ya miaka 40 iliyopita, kabla ya simu za mkononi. Leo mtu yuko Toronto anapiga picha ya Uhura, anampigia mtu Mombasa kwa video, anamsomea mstari, anarekebishwa pumzi, dakika kumi kazi imekwisha. Nasema pumzi kwa makusudi. Matamshi watajifunza kwenye intaneti. Mahali pa kupumua hawataambiwa na programu yoyote.

Nirudi kwenu gazetini. Mkiandika tena juu ya Kiswahili katika tamthilia za nje, mtumeni mtu atakayezitazama badala ya kunakili orodha, na awaulize wanaofanya kazi hizi hapahapa nchini. Tuko wengi tangu tamthilia ya Kichina ya Doudou ilipoonyeshwa TBC mwaka 2011 na watu wakagundua kwamba Mchina anaweza kugombana na mama mkwe kwa Kiswahili. Na msituandikie kwamba kitu ni pambo kwa sababu ni kifupi. Chumvi yenyewe katika sehemu ile ilikuwa vichupa vichache tu. Walitafuta vichupa vyenye umbo la ajabu vinavyofaa karne zijazo, wakaona mtazamaji hatatambua kwamba ni vya chumvi, wakatumia vya kawaida, na vile vya ajabu wakampa McCoy viwe vifaa vyake vya matibabu. Alivitumia miaka yote mitatu, na wagonjwa walipona.

Kama makala ile itachapishwa tena mwakani, naomba chini ya mwaka 1966 paandikwe: Uhura, Nichelle Nichols, baharia anayemsemesha Kiswahili, Vince Howard. Mistari miwili haiwezi kukosa nafasi. Mkibana sana, mpunguzeni simba.

Wako,

Mwingiza sauti
Kinondoni, Dar es Salaam
(Jina na anwani anavyo mhariri)